Mgongo Kwanza, Kamera Baadaye: Namna ya Kuchagua Begi la Mpiga Picha wa Milimani

Kwenye Lango la Machame, mojawapo ya milango ya kuanzia kupanda Mlima Kilimanjaro, kuna mizani. Wapagazi hupanga foleni asubuhi, kila mmoja na furushi lake, na mzigo ukizidi kilo 20 unapunguzwa palepale kabla ya safari kuanza. Mgeni wao hapangi foleni hiyo. Anapita na begi lake mgongoni, ndani mna kamera, lenzi, maji, koti na chakula cha mchana, na hakuna anayemuuliza lina kilo ngapi. Mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui.

Taabu ya wapiga picha wengi wanaopenda kutembea milimani huanzia hapo. Mtu ananunua begi kwa kuhesabu vifaa: kamera moja, lenzi tatu, flashi, tripodi. Akiona kila kifaa kimepata chumba chake, analipa na kuondoka ameridhika. Akifika njiani ndipo anaposhtuka kwamba koti la mvua halina pa kukaa, mikanda inamkata mabega, na ili atoe kamera lazima asimame, avue begi, alilaze chini, afungue zipu pande tatu, kisha arudishe yote. Akifanya hivyo mara nne amechoka. Kuanzia hapo kamera inalala ndani na picha zinapigwa kwa simu.

Kanuni ninayoisimamia ni fupi. Begi la mpiga picha anayetembea huchaguliwa kwa mgongo kwanza, kwa urefu wa safari pili, na kamera inakuja ya tatu. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa umenunua kabati zuri la kuhifadhia lenzi nyumbani.

Anza na mizani, si na duka

Kabla hujaangalia begi lolote, pima unachokusudia kubeba. Mizani ya jikoni inatosha. Chukulia mtu anayekwenda Kilimanjaro au Mlima Kenya na kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, ya fremu kamili. Kamera ya aina hiyo pamoja na betri yake huwa na gramu 650 hadi 700. Lenzi ya milimita 24 hadi 105 ina gramu 700 hivi. Lenzi ya 70 hadi 200 yenye mwanya mkubwa wa f/2.8 haipungui kilo moja, na zile za zamani zilizotengenezwa kwa kamera zenye kioo hukaribia kilo moja na nusu. Betri tatu za akiba, kadi za kumbukumbu na filta ni gramu 400. Tripodi nyepesi ni kilo 1.3. Hapo tuna kilo nne na ushee, na hatujagusa maji.

Maji ni lita tatu kwa siku, yaani kilo tatu. Koti la mvua na suruali yake, gramu 700. Sweta na koti la baridi, gramu 900. Chakula cha mchana, gramu 700. Taa ya kichwani, glovu, dawa na krimu ya jua, nusu kilo. Kisha begi lenyewe: mabegi mengi ya kamera ya lita 30 hadi 40 huwa na kilo 1.7 hadi 2.2 yakiwa matupu, kwa sababu ya sponji na vigawanyo vyake. Jumla inakaribia kilo 12.

Watembeaji wazoefu hujiwekea kikomo cha sehemu ya tano ya uzito wa mwili kwa safari ya siku nyingi, na nusu ya hapo kwa matembezi ya siku moja. Mtu wa kilo 60 akibeba kilo 12 amefika mwisho kabisa wa kikomo hicho. Tena kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya hewa ya juu. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Tanga au Mombasa. Kilo moja uliyoidharau langoni utaihisi kuanzia mita 4,000.

Sasa fanya hesabu ya pili. Acha lenzi kubwa ya kilo moja, acha tripodi, na chagua begi lenye kilo 1.3. Mzigo umeshuka chini ya kilo tisa, na bado una kamera na lenzi inayotosha mandhari, kambi, wapagazi njiani na sura za watu. Hesabu hii ndiyo inayokwambia ukubwa wa begi. Kwa matembezi ya siku moja, kama Longonot au vilima vya Ngong, lita 20 hadi 25 zinatosha. Kwa mlima wa siku kadhaa ambapo wapagazi wanabeba hema, nguo na chakula, tafuta lita 30 hadi 40. Unayejibebea kila kitu, tuseme kutoka kijiji hadi kijiji katika Milima ya Usambara, utahitaji lita 50 au zaidi, na hapo begi la kamera la kawaida limekwisha kushindwa.

Mgongo una kipimo chake

Watu hununua begi kwa kuangalia urefu wa mtu: mrefu apewe kubwa, mfupi apewe dogo. Hilo halisaidii. Wapo warefu wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na wapo wafupi wa miguu wenye mgongo mrefu. Begi linashika mgongo, haliishiki miguu.

Kipimo ni rahisi na kinahitaji mwenzako mmoja na futi ya fundi cherehani. Inamisha kichwa, pitisha kidole nyuma ya shingo mpaka uguse pingili iliyojitokeza kuliko nyingine. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, ubonyeze hadi uhisi ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba viwili ndio mwisho wa kipimo. Mwenzako ashushe futi kutoka pingili ile hadi mstari huo, akifuata mgongo ulivyopinda. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 55. Mabegi ya kutembea milimani huuzwa kwa kipimo hicho, au huwa na mgongo unaoweza kupandishwa na kushushwa. Mabegi mengi ya kamera yana saizi moja tu kwa wote, na wengi hawaligundui hilo mpaka wameshalipa.

Kwa nini kipimo hiki ni muhimu? Kwa sababu kazi ya begi zuri ni kuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Mabega yana misuli midogo inayochoka haraka. Nyonga zimekaa juu ya mifupa na misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Begi likiwa fupi mno, mkanda wa kiuno utakaa tumboni. Likiwa refu mno, utakaa makalioni. Popote pale penginepo, uzito unarudi mabegani.

Ukishalivaa likiwa na mzigo, legeza mikanda yote. Funga mkanda wa kiuno kwanza, katikati yake ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, uukaze. Ndipo ukaze mikanda ya mabega, kisha ile midogo iliyo juu ya mabega inayolivuta begi lisining'inie nyuma, na mwisho mkanda wa kifuani. Jaribio lake ni hili: ukiweza kupitisha kiganja kati ya bega na mkanda bila taabu, huku begi limetulia, uzito umeshuka mahali pake. Ukishindwa, mabega yako ndiyo yanayobeba.

Kina dada wana jambo la ziada la kuangalia. Mikanda ya mabega iliyonyooka hubana kifua na kukwaruza shingo. Baadhi ya watengenezaji hutoa mikanda iliyopinda kwa ajili ya wanawake, na Shimoda, kampuni inayotengeneza mabegi ya kamera ya milimani, huuza mikanda hiyo peke yake ili ibadilishwe kwenye begi lilelile. Ukiona begi lenye mkanda wa kiuno mwembamba usio na sponji, elewa kwamba mkanda huo ni wa kuzuia begi lisiyumbe tu. Haubebi kitu.

Begi la kamera, au begi la mlima lenye kisanduku?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni begi lililotengenezwa kwa ajili ya kamera tangu mwanzo. Fani hii ina mizizi milimani: Lowepro, mojawapo ya majina ya zamani katika biashara hii, ilianzishwa mwaka 1967 na Greg Lowe, Mmarekani aliyekuwa mpanda milima na mpiga picha. Baadaye mabegi hayo yalihamia mjini, yakaongezwa sehemu ya kompyuta mpakato, mifuko ya kalamu na sponji kila upande. Mengi yanayouzwa leo ni ya kutoka ofisini hadi ukumbi wa harusi. Yanalinda vifaa vizuri, lakini yanakula nafasi ya koti na maji.

Njia ya pili ni begi la kawaida la kutembea milimani, ndani yake ukaweka kisanduku cha kamera. Kisanduku hiki ni boksi la kitambaa na sponji lenye vigawanyo vinavyohamishika kwa velkro. Kampuni kama F-Stop na Shimoda zimejenga mabegi yao kwa mtindo huo: begi ni gamba, na kisanduku unachagua mwenyewe, kidogo au kikubwa, kulingana na safari. Lakini hulazimiki kununua la kwao. Kisanduku kinachouzwa peke yake kinaingia kwenye begi lolote la mlima lenye mdomo mpana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki njia hii ya pili ina faida kubwa ya mfukoni. Soko la Memorial pale Moshi limejaa mabegi ya mlima ya mitumba, mengine ya kampuni zinazoheshimika duniani kote, na Nairobi unaweza kutafuta Gikomba. Begi la kutembea la mtumba lililo imara, pamoja na kisanduku kipya, huwa ni mzigo mwepesi na wa bei nafuu kuliko begi jipya la kamera. Usipopata kisanduku, fundi wa mabegi atakushonea. Mwambie asitumie sponji ya godoro, maana inadidimia na kunyonya maji. Mpelekee mkeka wa kulalia wa wapanda milima, ule wa sponji ngumu isiyopitisha maji, aukate vipande vya saizi ya kamera yako.

Ukiwa sokoni, kagua mambo manne. Geuza begi ndani nje uangalie utando wa kuzuia maji: ukiwa unanata, unanuka, au unabanduka kama ganda la kitunguu, kitambaa kimezeeka na hakirudi. Kunja mkanda wa kiuno kisha uuachie. Ukibaki umejikunja, sponji yake imekufa. Vuta kila zipu kwenye kona, siyo kwenye mstari ulionyooka, kwa sababu zipu huanza kufa kwenye kona. Mwisho funga na kufungua vifungo vya plastiki mara kadhaa. Kifungo kinabadilishika kwa fedha kidogo. Utando wa ndani haubadilishiki.

Kwenye mabegi mapya utakutana na namba kama 210D au 420D. D ni denia, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa maana yake uzi mnene, hivyo kitambaa kizito na kigumu kuchanika. Usikimbilie namba kubwa kuliko zote. Chini ya begi, panapokaa juu ya mawe, nyuzi nene zina maana. Pembeni zinakuongezea uzito bure.

Zipu ifunguke wapi?

Swali hili linaonekana dogo dukani, lakini njiani ndilo linaloamua kama utapiga picha. Mabegi hufunguka kwa namna tatu: kwa mbele, yaani upande ulio mbali na mgongo, kwa mgongoni, na kwa ubavuni.

Begi linalofunguka kwa mbele lazima ulilaze upande wa mikanda ndio uwe chini. Fikiria msitu wa chini wa njia ya Machame baada ya mvua. Njia ni tope na mizizi. Umelaza begi, umetoa kamera, umepiga picha, umelivaa tena. Tope lote lililogusa mikanda na sponji ya mgongo sasa liko kwenye shati lako, na litakaa hapo mpaka kambini.

Begi linalofunguka kwa mgongoni linalazwa uso chini, mikanda juu. Tope linabaki nje. Kuna na faida nyingine: ukivua mikanda ya mabega tu na kuacha mkanda wa kiuno umefungwa, unaweza kulizungusha begi hadi tumboni, ukafungua mgongo wake, likawa meza ya kubadilishia lenzi bila kugusa ardhi. Na ukiwa kituo cha mabasi au kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, hakuna mkono unaoweza kufungua zipu iliyolalia mgongo wako. Kasoro yake ni kwamba mgongo unaofunguka ni mgumu kujengwa uwe imara, kwa hiyo kagua kama fremu yake inashika mzigo bila kupinda.

Mlango wa ubavuni ni wa haraka kuliko yote: unatoa bega moja, unalivuta begi mbele, kamera iko mkononi. Unafaa kwa kutembea mjini na kwa njia nyepesi. Ukiwa na mkanda wa kiuno uliokazwa na kilo tisa mgongoni, haraka hiyo inapungua sana.

Hata hivyo, hakuna zipu inayoshinda kamera iliyo nje. Kuna vibano vya chuma vinavyofungwa kwenye mkanda wa bega, kamera ikaning'inia hapo kifuani. Peak Design ya Marekani ndiyo iliyovipa umaarufu. Kamera moja na lenzi moja ndogo juu ya kibano, nyingine zikae ndani: kwa mpangilio huo utapiga picha nyingi kuliko mwenye begi ghali mara tatu. Sharti mkanda wa bega uwe na upana unaokubali kibano na sponji ya kutosha isikuumize. Nenda nacho dukani ukijaribu.

Mvua, vumbi na baridi

Mabegi mengi huja na kifuniko cha mvua kilichokunjwa chini. Kinasaidia, ila kina udhaifu wa aina mbili. Upepo mkali hukiinua, na maji yanayotiririka kutoka shingoni hupita kati ya mgongo na begi ambako kifuniko hakifiki. Ndiyo maana ulinzi wa kweli huwa ndani: mfuko usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa. Zamani wengi walitegemea mfuko wa plastiki wa dukani. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo usipange safari yako juu yake. Nunua mfuko wa kudumu.

Mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea usiuweke chumba kimoja na kamera, hata kama begi limetengewa sehemu hiyo. Siku utakapovuja hautakupa taarifa. Na usiku wa kupanda kileleni, maji kwenye mpira ule huganda. Chupa iliyogeuzwa kichwa chini ndani ya soksi nene inafaa zaidi, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo unabaki wazi.

Baridi haiui kamera, inapunguza nguvu ya betri. Betri iliyoonyesha imejaa kambini inaweza kuzima karibu na kilele, kisha ikazinduka ikipata joto. Kwa hiyo mahali pa betri za akiba si kwenye begi kabisa. Mchana zikae mfuko wa ndani wa koti, usiku ulale nazo. Ukiingia chumba chenye joto kutoka kwenye baridi kali, usifungue begi mara moja. Acha kamera ndani, zipu imefungwa, ipate joto taratibu; sponji inayoilinda isigongwe ndiyo inayoilinda pia na umande unaotanda kwenye kioo.

Vumbi lina kanuni yake. Kwenye majivu ya Ol Doinyo Lengai au barabara za Amboseli, kila kubadilisha lenzi ni hatari kwa kihisi cha kamera. Lenzi moja ya matumizi mengi inakuokoa na vumbi kuliko begi lenye vyumba kumi. Na ukirudi nyumbani, hasa kama ni Unguja, Lamu au Dar es Salaam, usihifadhi kamera ndani ya begi. Sponji hushika unyevu, na unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi. Toa kila kitu, anika begi kivulini, weka vifaa kwenye chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Uwanja wa ndege

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Lazima uingie nazo. Hadi saa-wati 100 kwa betri moja, kwa kawaida huhitaji ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, na ni mbili tu. Betri ya kawaida ya kamera ina saa-wati 16 hivi, na pawabenki ya mAh 20,000 ina 74, kwa hiyo wengi wako salama.

Mashirika mengi huweka kikomo cha sentimita 55 kwa urefu wa begi la mkononi, na kilo 7 ni uzito wa kawaida kwa daraja la chini. Begi lenye kilo mbili likiwa tupu limekwisha kula karibu theluthi. Kwenye ndege za ndani kama ATR na Q400, makabati ya juu ni madogo, na mara nyingine mabegi huchukuliwa mlangoni yaende chini. Hapo kisanduku kinachotoka kinalipa gharama yake: unavuta kamera zote kwa mkono mmoja, begi linakwenda chini na nguo, wewe unapanda na vifaa magotini. Ndege ndogo za kwenda mbugani ni kali zaidi. Kilo 15 kwa jumla ndicho kikomo cha kawaida, kwenye mabegi laini yasiyo na magurudumu.

Kwenye gari la safari begi la mgongoni halina kazi kubwa. Linakaa kitini, wewe unatumia mfuko wa maharage au mchanga kuegemeza lenzi dirishani. Na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, begi la lita 35 linagonga watu na kutangaza thamani ya ulichobeba. Kwa mazingira hayo kifuko cha begani kinatosha. Usilazimishe begi moja lifanye kazi zote.

Siku ya kununua

Nenda dukani na kamera yako, lenzi utakazobeba kweli, koti lako la mvua, na chupa za maji zilizojaa. Muuzaji mzuri hatakasirika. Paki kila kitu, vitu vizito vikae karibu na uti wa mgongo, kati ya mabega na kiuno. Livae, tembea kwa dakika ishirini, panda ngazi kama zipo, chuchumaa, inuka. Kisha toa kamera na kuirudisha ukiwa umesimama. Fanya hivyo tena kwa glovu mkononi, maana alfajiri ya kileleni hutakuwa na vidole vitupu.

Usitegemee sifa za video za mtandaoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayelisifu begi kwa kutembea nalo studioni hakuambii litakavyokaa kwako saa ya sita ya kupanda. Na tripodi uliyoiacha dakika ya mwisho usimtwishe mpagazi kwa siri. Kikomo chake cha kilo 20 kimewekwa kulinda mwili wake. Ukiona vifaa vyako havibebeki, ajiri mpagazi wa ziada na umlipe haki yake, au acha vifaa.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua begi la kutembea linalokaa vizuri mgongoni mwako, la lita 30 hadi 40, lenye mkanda wa kiuno ulio imara, kisha liwekee kisanduku cha kamera. Begi la kamera lenye sponji nyingi na saizi moja kwa wote liache dukani, hata likiwa na jina kubwa. Na lolote utakalochagua, lipime kwenye mizani likiwa limejaa kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu langoni hakuna atakayekupimia.